Muswada wa usalama: soma maneno madogo kabla ya adhabu kubwa

*"Bungeni kwetu umewasilishwa muswada mpya wa usalama baada ya shambulio la mwaka jana. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wafanyakazi, na ndiye msimamizi wa kundi letu la simu lenye watu 200 hivi. Nilijaribu kuusoma muswada nikakwama kwenye adhabu: miaka 15, miaka 20, kifungo cha maisha. Baadhi ya wenzangu wanasema hizi ni kelele za wanaharakati, asiye na kosa hana cha kuogopa, na kwamba sheria yenyewe itakufa baada ya miaka mitatu. Wengine wanataka tufute kundi leo hii. Je, ni kweli uhuru wetu unaliwa, au tunaogopa kivuli? Na mtu asiye mwanasheria aangalie nini humo ndani?"*

Nianze na la haraka: msifute kundi leo. Sababu nitaieleza mbele, maana hapo pana mtego. Kuhusu kuogopa kivuli, hilo hamwezi kulijua kwa kusoma adhabu. Miaka 20 kwa mtu aliyelipua soko haimhusu katibu wa chama cha wafanyakazi. Linalomhusu ni hili: ni nani mwingine anaweza kuburutwa chini ya kifungu hichohicho bila kulipua chochote? Jibu liko kwenye tafsiri ya maneno, kwenye cheo cha anayetia saini, na kwenye tarehe ya ukomo. Mara nyingi limebebwa na neno moja dogo ambalo jicho hulipita.

Fungua kwanza kifungu cha tafsiri, ambacho kwa kawaida huwa cha pili au cha tatu. Tafuta maana ya "ugaidi" au "kitendo cha kigaidi", kisha uhesabu nguzo zake. Ufafanuzi uliobanwa vizuri una nguzo tatu zinazosimama pamoja: kitendo kizito (kuua, kujeruhi vibaya, kuteka watu), nia ya kukitenda, na lengo la kuutia umma hofu au kuilazimisha serikali. Azimio namba 1566 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2004, linakaribia muundo huo, ila lilichelewa. Azimio namba 1373 la Septemba 28, 2001 lilikuwa limeshaziamuru nchi zote kuufanya ugaidi na ufadhili wake kuwa makosa makubwa ya jinai, bila kusema ugaidi ni nini. Katika miaka hiyo mitatu ya katikati mabunge mengi yalijichongea maana yao wenyewe, na mengi yaliichonga pana.

Ukishahesabu nguzo, tazama kiunganishi. Zikiunganishwa kwa "na", mwendesha mashtaka analazimika kuzithibitisha zote. Ikiwa ni "au", moja inatosha, na hapo kuharibu mali au kuvuruga mfumo wa kompyuta kunaweza kukalishwa benchi moja na mauaji. Sheria ya ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000 inataja vyote viwili miongoni mwa vitendo vyake. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikiri mwaka 2013 kwamba ufafanuzi huo ni mpana sana, na haikuridhishwa na hoja kwamba raia atalindwa na busara ya mwendesha mashtaka. Nanyi mtaletewa hoja hiyohiyo kwa lugha tamu zaidi: "Hatutaitumia kwa watu kama nyinyi." Anayeahidi anaweza kuwa mkweli kabisa. Tatizo ni kwamba ahadi yake haimfungi atakayekalia kiti hicho baada yake.

Kwa chama cha wafanyakazi, mstari wenye thamani kuliko yote ni ule unaoyaondoa maandamano, utetezi na migomo katika maana ya ugaidi. Muswada wa Canada wa mwaka 2001 ulikuwa na mstari huo, lakini ulilinda maandamano na migomo "halali" tu. Wakosoaji wakaliona tundu: mgomo ulioanza kabla ya notisi kuisha si halali kwa sheria za kazi, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayeuita ugaidi. Neno "halali" likaondolewa kabla muswada haujapita. Kama wenu hauna mstari huo kabisa, hilo ndilo dai lenu la kwanza. Kama unao, tazameni kama lile neno limo.

Makosa ya kusema na kusambaza ndiyo yanayokugusa wewe kama msimamizi wa kundi. Hapo tafuta hali ya akili inayotakiwa kuthibitishwa. "Kwa nia ya kuchochea" inamlazimu mwendesha mashtaka aonyeshe ulichokusudia. "Kwa kujua" iko ngazi moja chini, na "bila kujali" chini zaidi. "Yanayoweza kusababisha hofu" haiulizi ulikusudia nini: inatazama athari, tena athari ya kukisia. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya Kenya, iliyotiwa saini Desemba 19, 2014, ilikuwa na kifungu cha aina hiyo. Kiliadhibu kusambaza maudhui ya matusi, vitisho au uchochezi, au picha za waliokufa na kujeruhiwa, ambayo yangeweza kuutia umma hofu. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Mahakama Kuu ilikifuta Februari 23, 2015 pamoja na vifungu vingine saba. Ethiopia nayo, kwa sheria yake ya 2009, iliweka kifungo cha miaka 10 hadi 20 kwa kauli ambayo wasikilizaji wangeweza kuielewa kuwa inatia moyo ugaidi. Waandishi wa habari na wanablogu walishtakiwa chini ya sheria hiyo, ambayo ilikuja kubadilishwa mwaka 2020.

Kuna kosa jirani ambalo wasomaji wengi hulipita: kuwa na taarifa, au hata kuitazama tu. Tangu 2019 Uingereza inaadhibu kutazama mtandaoni taarifa ya aina inayoweza kumsaidia gaidi, hadi miaka 15. Soma kama muswada wenu una kosa la namna hii na kama unatoa utetezi wa "sababu ya maana", ukitaja waziwazi uandishi wa habari na utafiti. Kwenye kundi la watu 200, mtu mmoja akitupia faili bovu usiku, simu zilizowashwa kupakua kiotomatiki zitalihifadhi kabla wenyewe hawajaamka.

Sasa ile kauli ya asiye na kosa. Inadhani kwamba "kosa" ni kitu kilichokaa mahali pamoja, wakati muswada mlio nao mkononi ndio unaolihamisha. Inadhani pia kwamba mamlaka yakitolewa kwa kazi fulani yatabaki kwenye kazi hiyo. Oktoba 8, 2008 Uingereza ilizuia mali za benki ya Landsbanki ya Iceland kwa kutumia sheria iliyotungwa mwaka 2001, baada ya mashambulio ya Septemba 11. Gaidi hakuwepo popote. Benki ilikuwa imeanguka, na wateja wa Uingereza walikuwa na akiba zao ndani. Iliwezekana kwa kuwa kifungu kiliruhusu kuzuia mali pale kitendo kinapotishia maisha na mali ya watu, *au* kinapoudhuru uchumi wa nchi. Kiunganishi kilekile. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba halmashauri ya Poole ilikuwa imeifuatilia familia moja kwa siri kwa takriban wiki tatu, ili kuhakikisha wanaishi kweli karibu na shule waliyomwombea mtoto nafasi. Sheria ya upelelezi iliyotumika iliruhusu "kuzuia au kugundua uhalifu" bila kusema uhalifu wa ukubwa gani. Mwaka 2010 baraza la malalamiko lilisema ufuatiliaji ule haukuwa halali. Sihitaji kuamini kwamba kuna njama. Ofisa mwenye kazi nyingi hutumia chombo kilicho karibu naye, na chombo chenye masharti machache ndicho kinachokuwa karibu.

Hatua ya pili ya usomaji ni saini. Kila mamlaka mazito (kupekua, kunasa mawasiliano, kuzuia fedha, kuweka mtu ndani) yana mtu anayeyaidhinisha na kigezo anachotumia. Chora jedwali dogo lenye safu nne: mamlaka gani, nani anaidhinisha, kwa kigezo gani, kwa muda gani. Kisha ongeza safu ya tano, ambayo ndiyo muhimu: nani hukagua baadaye, na aliyeguswa huambiwa lini. Safu hiyo ikibaki tupu mstari baada ya mstari, mmeshapata hoja yenu.

Kuhusu kigezo, tofauti kati ya "ni lazima" na "inafaa" ilichukua zaidi ya miaka sita na mahakama kadhaa kurekebishwa. Kifungu cha 44 cha ile sheria ya Uingereza ya 2000 kilimruhusu polisi kumsimamisha na kumpekua mtu bila kumshuku kwa lolote, katika eneo ambalo ofisa mwandamizi ameona "inafaa" kulitangaza. Tangazo lilikuwa na mwisho wa siku 28, jambo linaloonekana salama. Kumbe liliweza kutolewa upya kila likiisha, na kwa njia hiyo London nzima ilikaa chini ya tangazo kwa miaka mfululizo kuanzia 2001. Septemba 2003 mwanafunzi mmoja na mwandishi wa habari mmoja walisimamishwa karibu na maonyesho ya silaha, mmoja akielekea kwenye maandamano na mwingine akienda kuyapiga picha. Walipoteza kesi katika mahakama zote za nyumbani. Januari 12, 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa ushindi, ikibainisha kwamba "inafaa" haina maana zaidi ya "inasaidia". Katika mwaka wa 2009/10 watu zaidi ya 100,000 walisimamishwa chini ya kifungu hicho, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi. Kifungu kilichokuja kuchukua nafasi yake kinasema "ni lazima", na muda ni siku 14.

Takwimu hiyo inafaa kukumbukwa kila mnapoambiwa kwamba uhuru na usalama ni mizani, ukipunguza huku unaongeza kule. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingine unapunguza huku na kule hakuongezeki kitu, maana polisi wanaopekua watu ovyo wana saa chache zilizobaki za kumfuatilia wanayemshuku kweli.

Kwenye ufuatiliaji wa mawasiliano neno la kuwinda ni "inahusiana". Sheria ya Marekani iliyoitwa Patriot Act, iliyotiwa saini Oktoba 26, 2001, siku 45 baada ya mashambulio, iliruhusu kwa kifungu chake cha 215, kama kilivyorekebishwa mwaka 2006, kudai kumbukumbu "zinazohusiana" na uchunguzi wa ugaidi. Msomaji wa kawaida angeelewa kumbukumbu za mtu fulani. Kwa miaka mingi mahakama inayokaa kwa siri ilikubali tafsiri kwamba simu za karibu kila mtu "zinahusiana", kwa kuwa ndani ya lundo lote huenda mkawa na ya mtu mmoja. Umma ulilijua hilo Juni 2013 kupitia nyaraka za siri alizozitoa Edward Snowden, aliyefanya kazi kwenye shirika la ujasusi la Marekani. Januari 2014 bodi ya serikali yenyewe inayosimamia faragha iliripoti kwamba haikuona hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambapo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi, na Mei 2015 mahakama ya rufaa ikasema ulikuwa umevuka mipaka ya sheria.

Mtaambiwa kwamba "hatusikilizi mazungumzo, tunahifadhi kumbukumbu tu": nani kampigia nani, lini, kwa dakika ngapi, akiwa karibu na mnara upi. Usidanganyike na neno "tu". Kwa chama chenu kumbukumbu hizo zinatosha kujua nani ni viongozi, nani alipigiwa usiku wa kuamkia mgomo, na nani ndani ya ofisi ya mwajiri anazungumza nanyi. Maneno yenyewe mtu anaweza kuyaficha kwa mafumbo, lakini mpangilio wa simu hauna mafumbo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifuta Aprili 8, 2014 agizo lililolazimisha kampuni za simu kuhifadhi kumbukumbu hizo za watu wote kwa miezi 6 hadi miaka 2, kwa sababu lilimhusu kila mtu bila kujali kama anashukiwa.

Siri ina madhara mengine ambayo hayasemwi sana. Anayefuatiliwa asipojua, hawezi kushtaki. Februari 26, 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwafukuza wanasheria, waandishi wa habari na mashirika ya haki waliopinga sheria ya ufuatiliaji, kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwamba wanafuatiliwa. Ndiyo maana ile safu ya tano kwenye jedwali lenu haina mbadala: bila wajibu wa kumwarifu mtu baadaye, haki ya kwenda mahakamani inabaki kwenye karatasi.

Siku za mahabusu huonekana kama namba kavu, nanyi mziangalie kwa makini kuliko adhabu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa inasema saa 48 kwa kawaida zinatosha kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Kila siku inayoongezwa juu ya hapo idaiwe sababu yake. Afrika Kusini ya ubaguzi ilianza na siku 90 mwaka 1963, ikafika 180 mwaka 1965, na kwa Sheria ya Ugaidi ya 1967 ikaondoa kikomo kabisa. Uingereza ilitoka siku 7 hadi 14, kisha 28 mwaka 2006. Serikali ilikuwa imetaka 90, bunge likakataa kwa kura 322 dhidi ya 291. Mwaka 2008 ikataka 42, baraza la juu likakataa. Januari 2011 muda ukarudi kuwa siku 14. Nataja huko kurudi kwa makusudi, kwa sababu wanaharakati wenzangu hupenda kusema kwamba kilichochukuliwa hakirudi. Hurudi, ila kwa jasho. Angalia pia dhamana. Nchini India, chini ya sheria ya kupambana na ugaidi iitwayo UAPA, mtu anaweza kukaa siku 180 kabla ya kufikishiwa mashtaka, na dhamana huzuiwa pale mahakama inapoona tuhuma zinaonekana kuwa za kweli kwa mtazamo wa kwanza. Hapo kesi yenyewe inageuka kuwa adhabu, hata ikiisha kwa kuachiwa huru.

Na tazama sheria inaanzia kwa nani. Vifungu vikali hupita kwa urahisi vikiwalenga wageni. Uingereza iliwaweka wageni kizuizini bila kesi wala kikomo kuanzia 2001. Desemba 16, 2004 majaji 8 kati ya 9 wa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo waliwapa ushindi, wengi wao wakisema huo ni ubaguzi, maana raia mwenye hatari ileile hakuguswa. Serikali ikajibu kwa amri za udhibiti za mwaka 2005, ambazo ziliweza kumfunga mtu nyumbani kwake, safari hii raia akiwemo. Kesi ilishinda, na uwanja ukapanuka.

Nije kwenye miaka mitatu mliyoahidiwa. Kifungu cha ukomo ni kitu kizuri, kidaini kama hakipo. Lakini usikihesabu kama dhamana kabla ya kusoma mambo mawili: kinagusa vifungu gani, na muda unaongezwaje. Kwenye Patriot Act baadhi tu ya vifungu vilipewa mwisho wa Desemba 31, 2005. Kile cha kupekua nyumba na kumwarifu mwenye nyumba baadaye hakikuwa na mwisho, na kimetumika zaidi kwenye kesi za dawa za kulevya. Kifungu cha 215 kiliongezewa muda mara kadhaa hadi kikafa Machi 2020, zaidi ya miaka 14 baada ya tarehe yake ya kwanza. Ufaransa ilitangaza hali ya hatari Novemba 2015, ikaiongeza mara sita, ikaiondoa Novemba 1, 2017 baada ya kuhamishia sehemu ya mamlaka yake kwenye sheria ya kawaida. Nayo ilikuwa na ukomo, na mwaka 2021 ukomo huo ukaondolewa. Canada ndiyo mfano wa kinyume: mamlaka mawili makali yalikufa mwaka 2007 kwa sababu bunge lilipiga kura kukataa kuyaongeza. Mwaka 2013 yakarudishwa.

Mamlaka haya huingia kwenye vitabu vya sheria kama samaki kwenye dema: mlango ni mpana kwa anayeingia na mwembamba kwa anayetoka. Mbunge atakayeyaondoa atalaumiwa kwa shambulio lijalo. Atakayeyaacha hatalaumiwa kwa watu waliopekuliwa bure, maana hao ni wachache, wametawanyika, na wengi wao hawana kura. Idara nazo zimeshaajiri watu na kununua mitambo. Muswada unaofuata huanzia pale wa kwanza ulipoishia, ukiitwa marekebisho madogo. Kwa hiyo ukomo wenye nguvu ni ule unaosema sheria inakufa isipokuwa bunge zima lipige kura upya, baada ya ripoti huru kuchapishwa miezi kadhaa kabla, na si kwa tangazo la waziri katika Gazeti la Serikali.

Baada ya yote haya, je, muupinge muswada mzima? Mimi nisingefanya hivyo. Serikali ina wajibu wa kulinda uhai, na shambulio lililotokea kwenu si la kubuni. Kunasa mawasiliano ya mshukiwa kwa hati ya jaji, kuzuia fedha za kundi lenye silaha huku mhusika akipewa nafasi ya kujua sababu na kukata rufaa: haya yanaweza kutetewa. Kipimo ni maswali manne. Limeandikwa wazi kiasi cha mtu kujua afanye nini na aache nini? Lina lengo halali? Ni la lazima kweli, yaani hakuna njia nyepesi zaidi? Na uzito wake unalingana na tatizo? Yako mambo yasiyopimwa kabisa: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa hauruhusu utesaji hata katika hali ya hatari. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hauna hata kifungu cha kuziruhusu nchi kusimamisha haki wakati wa dharura.

Njia yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni maoni kwa kamati ya bunge kabla ya muswada kusomwa mara ya mwisho. Andikeni ukurasa mmoja au mbili. Chagueni vifungu vitatu, visizidi. Kwa kila kimoja nakilini maneno yaliyopo, wekeni chini yake maneno mnayotaka, kisha mtu mmoja wa kawaida ambaye angenaswa bila kustahili: muuguzi aliyegoma, mwalimu aliyesambaza picha ya ajali. Wabunge hupokea makaratasi mengi yanayosema "tunapinga". Karatasi inayosema "futa 'inafaa', weka 'ni lazima'" ni nadra, na mjumbe anaweza kuisoma kama ilivyo. Mahakama ni njia ya pili, na muda wake hautabiriki: ile kesi ya kusimamishwa ilichukua zaidi ya miaka sita, ya Kenya ilipata amri ya muda Januari 2, 2015, wiki mbili baada ya saini, kwa kuwa walalamikaji walikuwa wamejiandaa mapema.

Sasa kundi. Kulifuta hakufuti nakala zilizo kwenye simu za watu 200. Tena, kufuta wakati uchunguzi umeanza, au unajua uko njiani, kunaweza kuwa kosa la kuharibu ushahidi hata kama ndani hamkuwa na kitu. Usafi hufanywa mapema, kama utaratibu wa kawaida: andikeni kanuni fupi za kundi, wasimamizi wawe wawili au watatu wanaojulikana, zimeni upakuaji wa kiotomatiki, na mkitaka ujumbe ujifute baada ya muda fulani, wekeni hivyo sasa, kwa wote, na mwandike kwenye kumbukumbu za kikao. Kikitupwa kitu kibaya, usikisambaze kwa wenzako kuuliza kama wamekiona. Andika tarehe, saa na namba iliyotuma, kiondoe, mwondoe aliyekituma, kisha soma kama sheria yenu inawalazimu kuripoti. Kikiwa ni tishio la kweli kwa maisha ya watu, ripoti bila kusubiri.

Yako mambo ambayo maelezo kama haya hayatoshi, na inabidi kukaa na wakili ana kwa ana: umeitwa polisi kwa mahojiano, hata kama wamesema ni mazungumzo tu, simu au kompyuta imechukuliwa, akaunti ya chama imezuiwa, chama kimepewa barua ya kufutiwa usajili, au mwenzenu amekamatwa na hamjui alipo. Hili la mwisho halisubiri asubuhi. Wakili anaweza kuiomba mahakama iamuru mtu huyo aletwe mbele yake na sababu za kumshikilia zielezwe. Kabla wakili hajafika, uliza unashikiliwa kwa sheria gani na kifungu gani, andika jina na namba ya ofisa, dai orodha iliyosainiwa ya kila kilichochukuliwa, na usitie saini maelezo ambayo hujayasoma yote. Chama kisichomudu wakili kiende kituo cha msaada wa kisheria, chama cha wanasheria au tume ya haki za binadamu, na kiende sasa, kabla ya tatizo, ili namba ya mtu wa kupigiwa iwe kwenye simu za viongozi wote.

Siku mtakayokwenda, bebeni muswada rasmi uliochapishwa, pamoja na jedwali lenu la safu tano. Picha zinazozunguka kwenye simu mara nyingi ni za toleo la kwanza, na kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya tatu vifungu huongezwa na namba huhama, kwa hiyo kifungu cha 12 mnachokilalamikia kinaweza kuwa kimeshakuwa cha 17.